"Ken" ya Japani ni mkoa au kaunti? Tuangalie Okinawa

Jamaa yangu mmoja alipata kozi ya JICA (shirika la misaada la Japani), mambo ya maji safi, basi mtaa mzima tukajua anaenda Tokyo. Barua ilipofika imeandikwa Urasoe, Okinawa Prefecture. Akanipigia usiku, "hivi prefecture ndo nini, ni mkoa, ni wilaya, au wamenitupa kijijini?" Nikamwambia ni mkoa tu bana, lala. Baadae nikagundua nimempa jibu la nusu, na hiyo nusu iliyobaki ndo inayowatesa watu wa Okinawa mpaka leo.

Tuanze na neno lenyewe. Kijapani wanasema ken, na Japani nzima ina vitengo 47 vya aina hii (Wakenya mtacheka, ni namba ileile ya kaunti zenu). Ila sio zote zinaitwa ken. Ken zenyewe ni 43, alafu Osaka na Kyoto zinaitwa fu, Hokkaido ni do, na Tokyo peke yake inaitwa to. Ukizijumlisha unapata todofuken, ambalo ni neno la siku zote kule, hata kwenye fomu za kununua vitu mtandaoni unakuta sehemu ya kuchagua yako. Kikazi tofauti za majina hayo ni ndogo, ukiacha Tokyo ambayo ina utaratibu wake wa kata maalum 23. Chini ya ken ndo kuna miji, vimiji na vijiji, kila kimoja na mkuu wake wa kuchaguliwa. Ukubwa usiseme, Tokyo ina watu kama milioni 14 wakati Tottori haifiki hata laki sita.

Sasa kwa nini nasema "mkoa" ni jibu la nusu? Sababu Mtanzania akisikia mkoa anamuwaza mkuu wa mkoa, mtu anayeteuliwa na Rais na anaweza kutenguliwa kwa taarifa ya jioni. Japani ilikuwa hivyohivyo zamani. Mwaka 1871 serikali ya mfalme Meiji ilifuta himaya za mabwana wa kisamurai, zilizoitwa han, ikaweka ken mahali pake. Mwanzoni zikawa zaidi ya 300, wakaziunganisha unganisha mpaka 1888 zikafika hizi 47, na magavana walikuwa wanatumwa kutoka Tokyo na Wizara ya Mambo ya Ndani. Lengo halikuwa kuwapa watu sauti, lengo lilikuwa kuvunja nguvu za wale mabwana. Wanyarwanda waliokua enzi za perefegitura na perefe wake watauelewa mfumo huu bila kuelezwa sana.

Ila baada ya Vita ya Pili ya Dunia, mwaka 1947, ikaja katiba mpya na sheria ya serikali za mitaa, na tangu hapo gavana (wao wanasema chiji) anapigiwa kura na wananchi, miaka minne, na kuna bunge la ken la kumkaba. Hapo Mkenya atasema basi hiyo ni kaunti. Karibu, lakini bado. Kwanza ken inafanya mengi ambayo kaunti haifanyi, sekondari za juu za umma ni zake, na hata polisi ni wa ken, ingawa mkuu wa polisi wa ken anateuliwa na tume ya taifa, sio na gavana. Pili hela nyingi zinatoka serikali kuu, mpaka Wajapani wenyewe wana msemo wa sanwari jichi, yaani kujitawala kwa asilimia 30. Na tatu, hii ndo kubwa, kuna kazi ambazo kwa macho unaona gavana anazifanya kwa mamlaka yake, kumbe kisheria ni kazi za serikali kuu amekabidhiwa tu azifanye. Shikilia hapo, tutarudi.

Okinawa yenyewe ipo mbali kuliko watu wanavyodhani. Ukitoka Tokyo mpaka Naha, makao makuu yake, ni kama kilomita 1,550 kwa ndege, wakati Taipei iko kilomita 600 na kitu tu. Ni mlolongo wa visiwa zaidi ya 100, vingi havina watu, na kile cha mwisho magharibi, Yonaguni, kiko kilomita kama 110 kutoka Taiwan, siku ya anga safi unaona milima yake kwa macho. Eneo lote la nchi kavu halifiki hata kilomita za mraba 2,300, ndogo kidogo kuliko Zanzibar, watu karibu milioni moja na nusu. Jamaa yangu akanitumia picha siku ya pili tu, nyumba za zege zenye matangi ya maji juu ya paa, akaniambia "mzee huku kama Kariakoo". Mvua ipo nyingi ila kisiwa ni chembamba, mito mifupi, maji yanakimbilia baharini, zamani mgao wa maji ulikuwa kitu cha kawaida, ndo maana ya matangi. Na zege ni sababu ya vimbunga. Alafu kuna miwa, kuna papai, na mboga yao kubwa inaitwa goya, akauliza nini hii, nikaiangalia picha, ni karela! Wanaikaanga na mayai na tofu na nyama ya kopo, hiyo nyama ya kopo ililetwa na jeshi la Marekani ikawa chakula cha nyumbani.

Jeshi la Marekani limefikaje sasa. Hapa lazima turudi nyuma kidogo.

Okinawa haikuwa Japani. Ilikuwa nchi yenye mfalme, Ufalme wa Ryukyu, uliounganishwa mwaka 1429 na Sho Hashi, ikulu yake ngome ya Shuri. Walikuwa watu wa biashara ya majahazi, China, Korea, Siam, Malaka, wananunua huku wanauza kule, yaani maisha ambayo mtu wa Lamu au Kilwa angeyaelewa haraka. Mwaka 1609 ukoo wa Shimazu wa himaya ya Satsuma, kusini ya Japani, ukawavamia ukawashinda, ila haukuwafuta, ukawaacha waendelee kupeleka zawadi China ili biashara isife, na wajumbe wa China wakija Shuri Wajapani wote wanajificha ionekane hakuna kitu. Zaidi ya miaka 250 wanaishi na mabwana wawili, mmoja anajificha mwingine akija! Visiwa vya Amami, upande wa kaskazini, Satsuma walivichukua moja kwa moja, ndo maana mpaka leo viko ken ya Kagoshima, sio Okinawa.

Mwaka 1879 Meiji wakamaliza kazi. Askari na polisi wakaingia Shuri, mfalme wa mwisho Sho Tai akahamishiwa Tokyo, ufalme ukafutwa, pakatangazwa Okinawa-ken. Kwa hiyo sehemu nyingine za Japani ken ilikuja kuvunja himaya ya bwana, hapa ilikuja kuvunja nchi. Gavana wa kwanza alitoka bara, watu wa bara wakajaa maofisini, na haki ya kuchagua wabunge wa taifa ambayo wengine waliipata 1890, Okinawa wakaipata 1912, visiwa vya Miyako na Yaeyama wakasubiri mpaka 1919. Shuleni ukiongea lugha ya nyumbani unavishwa kibao shingoni, hogen fuda, unakaa nacho mpaka umkamate mwenzako naye kateleza umpe yeye. Najua wasomaji wengi mmesimama hapo. Ndio, ni kilekile tulichovaa sisi kwa kuongea Kiswahili au kilugha darasani, dunia ndogo hii.

Alafu 1945. Wamarekani walitua kisiwa kikuu tarehe 1 Aprili, vita ikaisha karibu mwisho wa Juni, waliokufa wa pande zote ni zaidi ya laki mbili, na karibu mtu mmoja kati ya wanne wa Okinawa hakutoka mzima. Mpaka leo tarehe 23 Juni ni siku ya kumbukumbu, ofisi za ken zinafungwa. Japani bara ikapata uhuru wake tena 1952, Okinawa ikaachwa mikononi mwa Marekani miaka mingine 20. Mtu wa Naha kwenda Tokyo anahitaji hati ya kusafiria, sokoni wanatumia dola, barabarani wanaendesha kulia. Mashamba yaliyochukuliwa kujenga kambi, mengine yalichukuliwa kwa buldoza na askari wenye silaha.

Tarehe 15 Mei 1972 ikarudi Japani, ikawa tena Okinawa-ken. Ile ya kuendesha kulia ilichelewa, walibadilisha 30 Julai 1978, usiku wakasimamisha magari, wakageuza alama zote, saa kumi na mbili asubuhi kisiwa kizima kikahamia kushoto kama Dar na Mombasa. Ila kambi hazikuhama. Okinawa ni asilimia 0.6 ya ardhi ya Japani, lakini imebeba karibu asilimia 70 ya eneo la kambi zinazotumiwa na Wamarekani peke yao.

Turudi sasa kwenye siasa na ile sehemu niliyosema shikilia. Katikati ya mji wa Ginowan kuna uwanja wa ndege wa jeshi la Marekani, Futenma, unakula kama robo ya mji, nyumba zimeuzunguka pande zote. Mwaka 2004 helikopta ilianguka chuo kikuu cha jirani. Mwaka 2017 dirisha la helikopta pamoja na fremu yake, kama kilo nane, lilidondoka uwanja wa shule ya msingi watoto wako kwenye michezo, na miezi iliyofuata ndege ikitokea mtu aliyewekwa kuangalia anga anapiga kelele, watoto wanakimbia kujificha, wakafanya hivyo mamia ya mara.

Kila mtu anakubali Futenma iondoke. Japani na Marekani walikubaliana hivyo 1996, baada ya wanajeshi watatu wa Marekani kumbaka mtoto wa miaka 12 mwaka 1995 na watu makumi ya elfu kuandamana. Ahadi ilikuwa miaka mitano mpaka saba. Shida ni sharti lake, uwanja mwingine ujengwe kwanza, hapohapo Okinawa, sehemu inaitwa Henoko, kwa kufukia bahari. Na kufukia bahari Japani kunahitaji kibali cha gavana.

Unaona utamu hapo? Mwishoni mwa 2013 gavana Nakaima akatoa kibali, 2014 akapigwa chini na Onaga Takeshi aliyegombea kwa kupinga, na huyu hakuwa mwanaharakati, alikuwa mtu wa chama tawala, meya wa Naha. 2015 Onaga akafuta kibali. Serikali kuu ikampeleka mahakamani, 2016 akashindwa Mahakama ya Juu, 2018 akafariki akiwa ofisini. Akachaguliwa Denny Tamaki, mtangazaji wa zamani wa redio, baba yake mwanajeshi wa Marekani ambaye hajawahi kumuona. Februari 2019 wakapiga kura ya maoni, asilimia 72 wakasema hapana kwa kifusi. Kifusi kikaendelea kumwagwa.

Kisha ikagundulika sakafu ya bahari upande mmoja ni laini, watu wanaifananisha na mayonezi, inabidi kuzamishwa nguzo za mchanga zaidi ya 70,000 ili ibebe uzito. Mabadiliko hayo ya ramani yanataka kibali kipya cha gavana. Tamaki akagoma. Na hapa ndo ile kazi ya kukabidhiwa inaposhika: kibali cha kufukia bahari kisheria ni kazi ya serikali kuu mikononi mwa gavana, kwa hiyo waziri anaweza kumwamuru asaini, gavana akigoma waziri anaenda mahakamani, na waziri akishinda anasaini mwenyewe kwa niaba ya gavana. Tarehe 28 Desemba 2023 waziri alisaini kweli, mara ya kwanza jambo la aina hii kufanyika kwa sheria ya serikali za mitaa ilivyo sasa. Gavana wa kuchaguliwa anaweza kukataa, ila jibu la mwisho sio lake.

Nisiwapake Waokinawa rangi moja lakini. Kuna wenye ardhi wanaolipwa kodi ya pango na serikali kwa ajili ya kambi na hawana haraka zifungwe, kuna vijana wanaosema kipato chetu ni cha chini kabisa Japani tuanze na hilo, na mameya wengi visiwani wanaungwa mkono na chama tawala. Mchango wa kambi kwenye pato la ken ulikuwa kama asilimia 15 mwaka 1972, siku hizi uko kwenye asilimia tano hivi, utalii umeipita mbali. Na huko Yonaguni, Miyako na Ishigaki ndo jeshi la Japani lenyewe limejenga vituo kwa hofu ya China, tena visiwa vya Senkaku ambavyo China inavidai viko kwenye makaratasi ya mji wa Ishigaki, kwa hiyo hata meya wa kisiwa kidogo kule anajikuta ndani ya ugomvi wa mataifa.

Jamaa alirudi na cheti kimeandikwa Okinawa. Anasema mwenyeji wake, mzee mmoja, akizungumzia Japani bara alikuwa anasema Yamato, kama vile ni nchi ya jirani, na kwao anaita Uchina, kwa kilugha chake, sio ile China. Siku ya kwanza alidhani mzee anamwambia yeye ni Mchina.