Mkeka wa mikono mingi

Shangazi yangu akija kunitembelea, chai yake haijapoa atakuwa ameshauliza: "Ukili uko wapi, mwanangu?" Namletea ule mshipi uliosukwa kwa majani, ambao vipande vyake vikishonwa pamoja hutoa mkeka. Huwa nimeuviringa kama gurudumu, na ile ncha ya kusukia nimeifunga kitambaa kibichi ili chane, yaani vile vipande vyembamba vya majani, zisikauke. Anafungua kitambaa, anapitisha kidole gumba pale nilipoachia mimi, anaguna kidogo, kisha anapokea. Hakati wala haanzi upya. Anaendelea palepale, huku akinipa habari za Wete: nani kaposwa, nani kajifungua, dagaa wamepanda bei kiasi gani. Jua likikaribia kuchwa anavaa buibui lake, nami nabaki na pima moja na nusu ya ukili ambayo sikuisuka.

Naulizwa mara nyingi kazi hii naifanya saa ngapi, na nyumba yangu haipungui wageni. Jibu langu ni kwamba ukili ni kazi ya wageni. Cherehani inataka meza na umeme. Ukili unataka mapaja na mazungumzo. Hapa Pemba nimekulia kuona wanawake wakienda kutazamana na ukili wao kwapani, na mwenye kuja mikono mitupu anapewa wa mwenye nyumba. Mama mdogo akija kutoka Unguja, akishuka bandarini Mkoani na watoto wake wawili, kabla ya jioni ya pili huwa ameshashika kazi yangu. Wifi yangu naye, jirani naye. Kwa hiyo mikeka yangu mingi ina mikono mitatu au minne ndani yake, na mkeka wa namna hiyo una elimu yake. Wanaojua kusuka ni wengi. Wanaojua kuukusanya mkono wa huyu na wa yule ukalala sawa chini, wanapungua, na hilo ndilo nataka kuwaandikia leo.

Nianze na ukindu, yaani majani ya mkindu. Mkindu ni mti unaopenda mabonde na sehemu zenye maji, huota kwa mashina mengi pamoja, na chini ya kuti lake kuna miiba inayochoma hadi mfupani. Kuti linalokatwa ni lile la moyoni, changa, ambalo halijafunguka. Lililokwisha kufunguka limekomaa, linakatika likikunjwa. Anayekukatia mwambie asimalize mioyo yote ya kichaka kimoja, kwa sababu kila shina lina moyo mmoja tu, na mkindu uliokatwa kila mwezi unatoa makuti mafupi mpaka mwisho unakufa. Mimi nina mtu mmoja tu ninayenunua kwake, na ninamlipa zaidi kidogo ili aache.

Ukindu unachemshwa, unaanikwa juani mpaka uwe mweupe, halafu unachanwa. Katika kuanika usidanganyike na jua la masika. Linatoka saa mbili, unafurahi, saa nne wingu. Nilianika mafungu matano Aprili moja, nikayaingiza ndani yakiwa na unyevu kidogo tu, na wiki iliyofuata yalikuwa na madoa meusi ya ukungu. Madoa hayo hayatoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Tangu hapo ukindu wangu wa mwaka nauanika wakati wa kiangazi, kuanzia Disemba hadi Februari, na masika yakiingia mimi nasuka tu.

Chane za mkeka wa kulalia nazichana upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Nachukua 13. Hesabu isiyogawanyika kwa mbili ina sababu yake, na wanafunzi wangu hawaielewi mpaka niwashikishe mikono. Ukishika chane 13, upande mmoja una 7 na wa pili una 6. Unachukua ile ya nje kabisa kwenye upande wenye 7, unaipitisha juu, chini, juu, chini mpaka katikati, na sasa upande wa pili ndio wenye 7. Unachukua ya nje ya upande huo, unarudisha. Mkono haufikiri tena, kila mara unakwenda kwenye upande wenye wengi. Ndiyo maana mgeni anaweza kupokea ukili wa mtu katikati ya maneno bila ya kuuliza amefika wapi. Anahesabu pande mbili, basi.

Chane ikiisha unaunga. Mpya unailaza juu ya mkia wa ile ya zamani, zinakwenda pamoja mapito matatu, halafu ya zamani unaiacha itokeze upande wa chini. Usiunge chane mbili za jirani mahali pamoja, utapata kovu nene ambalo mlalaji atalisikia ubavuni.

Chane 13 za upana huo zinatoa ukili wa vidole vinne, sawa na inchi 3. Mkeka wa mtu mmoja ni futi 3 kwa futi 6. Futi 6 ni pima moja, yaani mikono yako miwili ukiinyoosha. Kwa hiyo unahitaji vipande 12, kila kimoja pima moja, na shibiri moja ya ziada kwa kila kipande ili ncha zikunjwe zisifumuke. Jumla inakaribia pima 14. Halafu pindo la kuzunguka mkeka mzima, ukili mwembamba wa chane 5 au 7, pima 3 na kitu. Hesabu hii alinipa bibi yangu kwa kupima sakafuni kwa mikono yake, na sijapata bora kuliko hiyo.

Sasa mikono. Kila mtu na mkono wake. Shangazi anavuta, ukili wake ukiugonga kwa ukucha unalia kama ubao. Mama mdogo analegeza, ukili wake ni laini, unakunjika kama kitambaa. Wangu uko katikati. Ukiutazama ukili peke yake huoni tofauti. Tofauti inatoka baada ya kushonwa, na zaidi baada ya mkeka kupata maji na kukauka, kwa sababu ule uliolegea una nafasi ya kurefuka na ule uliokazwa hauna.

Mkeka wangu wa kwanza wa mikono mingi ulikuwa wa arusi ya binti wa jirani. Nilishona vipande kwa mpangilio niliovipokea: sita vya shangazi upande mmoja, sita vya mama mdogo upande wa pili. Wakati nashona ulilala vizuri. Niliurashia maji kidogo ili uviringike, nikauanika, na kesho yake ulikuwa umepinda kama tanga la ngalawa, upande mmoja mfupi, mmoja mrefu. Niliufumua wote usiku, siku mbili kabla ya arusi, shazia, ile sindano nene ya mikeka, mkononi na machozi machoni.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiweka vilivyokazwa katikati na vilivyolegea pembeni, kingo zinafanya mawimbi. Ukigeuza, vilivyolegea katikati, mkeka unaota tumbo. Ukigawa nusu kwa nusu, unapinda. Dawa ni kuvichanganya kipande kwa kipande, kilichokaza kando ya kilicholegea, ili kila kimoja kimshike mwenzake. Na kama kuna mkono wa katikati, huo uende kingoni pande zote mbili, maana kingo ndizo zinazobeba pindo.

Ili nijue kipande cha nani ni kipi, nafunga uzi mahali mikono inapopokezana. Nyekundu wa shangazi, buluu wa mama mdogo, mweupe wa yeyote mwingine. Siku ya kushona naunyoosha ukili wote ukumbini, naukata penye nyuzi na penye kipimo, navipanga vipande sakafuni kabla ya kuushika uzi wowote wa kushonea. Watoto wanajua siku hiyo hawapiti ukumbini. Kushona natumia utepe mwembamba wa ukindu uliolowekwa, si uzi wa nailoni. Nailoni ina nguvu kuliko ukindu, na hapo ndipo tatizo: mkeka ukivutwa, uzi haukatiki, unakata ukili.

Kuhusu rangi nitasema kidogo tu. Chane moja ya rangi kati ya 13 inakwenda kutoka ukingo hadi ukingo na kurudi, kama nyoka. Hatua za nyoka huyo ni fupi kwa aliyekaza na ndefu kwa aliyelegeza. Weka vipande vya watu wawili kando kwa kando na utaona nyoka wanaachana njia kabla ya kufika katikati ya mkeka. Kwa hiyo mkeka wa rangi nausuka peke yangu, mwanzo mpaka mwisho, na wa wageni unabaki ukindu mweupe. Wateja wanapenda wa rangi. Mimi, nyumbani kwangu, nimetandika mweupe. Wazee walitia weusi kwa mizizi ya mdaa na wekundu wa udongo kwa magome ya mkandaa. Siku hizi tunapika unga wa rangi wa dukani. Manjano ya kupikia yanatoa rangi nzuri siku ya kwanza, lakini jua linaila, usimuuzie mtu.

Msimu wa karafuu wageni wanabadilika. Hapo wanaokuja wanakuja kwa kazi, na kazi yenyewe si mikeka, ni majamvi: mapana, ya miyaa (majani mengine ya kusukia), chane nene, yasiyotaka urembo. Karafuu mbichi inaanikwa juu yake siku kadhaa mpaka iwe kavu na ya hudhurungi, ndipo ipelekwe ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, kupimwa. Iliyoanikwa barabarani inashika mchanga na harufu ya lami. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo yenye karafuu nyingi, kwa hiyo hadi leo ukiingia nyumba yoyote ya shamba huku utakuta majamvi yameegemezwa ukutani. Kwenye jamvi sifungi nyuzi za rangi. Jamvi hata likiota tumbo, karafuu hazilalamiki.

Baada ya Idi Pili mwaka jana alikuja binti wa binamu yangu anayeishi Muscat. Alitaka mkeka wa kulaza mgongo wa mama yake, ambaye amechoka na zulia. Mkeka haukunjwi kama shuka, ukiukunja ukavu unavunjika kwenye mkunjo, na ukiuviringa hauingii kwenye sanduku la ndege. Tukaamua apeleke ukili mtupu. Nilimpa pima 17 zimeviringwa kama magurudumu mawili, utepe wa kushonea, na shazia moja. Alishona huko, simu imeegemezwa kwenye birika, mimi namwelekeza. Jioni tatu. Alipomaliza alilalamika kuwa ni mgumu, nikamwambia kuna sababu wazee wamesema mkeka mpya haulaliwi vema. Aurashie maji, auviringe usiku kucha, asubuhi autandaze kivulini. Baada ya mara tatu ulilainika.

Ijumaa iliyopita nilinyoosha ukili wa mkeka mwingine ukumbini, shangazi yupo, amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nilikuwa nimeshakata na nimeanza kuvipanga. Kama kawaida nilichukua vya uzi mwekundu nivitenge kwa vilivyokaza, na mkono wangu ukasita. Nilivigonga kwa ukucha. Havikulia. Nikavilinganisha na vyangu, vilikuwa sawa na vyangu, na kimoja kilikuwa laini kuliko vyangu. Sikusema kitu. Nilivihamisha, nikaviweka kingoni, mahali pa mkono wa katikati.

Yeye alikuwa ananitazama. Akaniomba kimoja, nikampa. Alikibana kwa kidole gumba, akakipeleka huku na huku kwenye mwanga wa mlango.

"Huu si wangu," alisema.

"Ni wako, shangazi. Tazama uzi."

Aliutazama uzi muda mrefu. Kisha alikiweka kipande kile pembeni, akavuta ukili mpya uliokuwa ndani ya kitambaa, akafumua shibiri nzima ya alichosuka asubuhi ile, akalowesha vidole kwenye bakuli la maji, akaanza tena.