Umepungua, Sasa Unahisi Vitu Vigeni Mwilini: Maswali na Majibu

Mtu akipungua kilo kumi au kumi na tano, majirani wanaona shingo na mashavu. Mwenyewe anakutana na mengine akiwa bafuni au kitandani: mfupa asioujua, mapigo tumboni, sauti sikioni. Majibu haya yanawahusu zaidi waliopunguza mwili kwa makusudi, iwe kwa mlo, mazoezi au dawa. Aliyepungua bila kupanga asome swali la mwisho kwanza.

Daktari, nikijipapasa kwenye chembe ya moyo nagusa kitu kigumu chenye ncha. Zamani hakikuwepo. Ni uvimbe?

Kilikuwepo tangu uzaliwe. Mfupa wa kidari, ule wa katikati ya kifua, unaishia na kipande kidogo ambacho utotoni ni gegedu na huendelea kuwa mfupa kadiri umri unavyosogea. Kwa wengine kimenyooka, kwa wengine kimepinda kuelekea nje, na wapo ambao ncha yake imegawanyika mara mbili. Mafuta yalipokuwepo juu yake hukuweza kukigusa. Kiko katikati kabisa, pale mbavu za kushoto na kulia zinapokutana, nacho hakiongezeki wiki hadi wiki.

Wengi wanakibonyeza kila asubuhi kuona kama kimekua. Kinabonyezwa mpaka kinauma kweli, kisha maumivu yale yanachukuliwa kuwa ushahidi wa ugonjwa. Kiache siku kadhaa uone. Kitokono nacho huanza kuuma ukikaa kwenye benchi au kiti cha daladala, kwa sababu nyama iliyokuwa inakilinda imepungua. Weka mto, na usikae muda mrefu bila kuinuka.

Vinavyotaka kuonwa na daktari ni hivi: tezi juu ya mfupa wa mtulinga, hata ikiwa ndogo, tezi ya shingo, kwapa au kinena inayoendelea kukua au isiyoondoka baada ya wiki chache, na uvimbe wowote mpya kwenye titi.

Nikilala chali naona tumbo linadunda juu ya kitovu. Moyo umeshuka?

Moyo haujashuka. Mshipa mkubwa wa damu unaotoka kwenye moyo unapita mbele ya uti wa mgongo, na kwa mtu mwembamba mdundo wake unahisika, hata kuonekana kwa macho. Anayehitaji kupimwa kwa utrasaundi ni mwenye zaidi ya miaka 65, hasa mwanamume aliyewahi kuvuta sigara, au yeyote ambaye mdundo wake umetanuka kama donge. Ukiambatana na maumivu makali ya tumbo au mgongo, hiyo ni dharura; usisubiri kesho.

Nasikia sauti yangu mwenyewe na pumzi yangu ndani ya sikio, kana kwamba naongea ndani ya mtungi. Ni nta?

Wengi wanadhani hivyo, na hapo ndipo njiti ya kiberiti inapoingia sikioni. Tafadhali iache. Kuna mrija mwembamba unaounganisha sikio na nyuma ya pua. Kawaida umefunga, unafunguka kidogo ukimeza mate au ukipiga mwayo. Pembeni yake kuna mafuta yanayousaidia kufunga. Mtu akipungua haraka, mafuta hayo nayo hupungua, mrija unabaki wazi, na sauti yako inapanda moja kwa moja mpaka sikioni.

Jipime hivi: lala, au ukiwa umekaa inamisha kichwa katikati ya magoti. Sauti ikikatika au kupungua, huenda ni mrija huo. Haina hatari, inaudhi tu. Kunywa maji ya kutosha, acha kuvuta makamasi kwa nguvu, na usijinunulie dawa za kuzibua pua, maana zinaweza kuzidisha tatizo. Sikio likitoa usaha, au usikivu ukipungua, nenda ukaonwe.

Nina presha na sukari, natumia vidonge kwa miaka. Tangu nipungue, nikiinuka naona giza, na jioni natetemeka na kutoka jasho.

Hili ndilo swali ninalotaka lisomwe na wengi, kwa kuwa hapa kupungua kwenyewe kumefanikiwa na dawa ndizo zimebaki palepale. Presha hushuka mtu anapopunguza uzito, kwa wastani kama pointi moja kwa kila kilo. Dozi uliyopangiwa ukiwa na kilo 98 inaweza kuwa kubwa mno ukiwa na kilo 83. Pima presha ukiwa umekaa, kisha simama, upime tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, peleka namba hizo kliniki. Wanaotumia dawa za kukojosha na huku wamepunguza chakula ndio wanaoanguka zaidi.

Kutetemeka, jasho jembamba, njaa ya ghafla na moyo kwenda mbio ni dalili za sukari kushuka, hasa kwa wanaotumia insulini au glibenklamidi. Pima ukiweza, chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L) imeshuka. Huna kipimo? Usingoje. Koroga vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, na ukipata kipimo pima baada ya dakika 15. Soda ya kawaida inafaa pia, ile isiyo na sukari haisaidii. Mtu akishapoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Usiache vidonge kwa uamuzi wako. Baadhi ya dawa za presha zikikatishwa ghafla, presha hupaa au moyo hupata shida. Mwambie daktari umepungua kilo ngapi na kwa muda gani. Usipomwambia, anaweza kuandika dozi ileile.

Baridi sana, na nywele zinatoka kwa wingi.

Mafuta chini ya ngozi yalikuwa yanakutunzia joto, na mwili unaokula kidogo hupunguza pia joto unalozalisha. Ndiyo maana kuna wanaojifunika shuka feni ikiwashwa, wako Dar es Salaam. Nywele hudondoka miezi miwili au mitatu baada ya kupungua haraka na kwa kawaida huota tena ndani ya miezi sita. Angalia protini: maharage, dagaa, mayai. Uchovu mkubwa ukiongezeka, pima wingi wa damu na tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo.

Nikikunja nne, mguu unakufa ganzi na vidole haviinuki.

Mshipa wa fahamu unapita nje ya goti, chini kidogo, karibu kabisa na ngozi. Mafuta yakiondoka, kukunja nne au kuchuchumaa kwa muda mrefu kunaubana. Acha mikao hiyo leo. Ganzi inayoisha kwa dakika chache haina neno. Mguu unaoburuzika unataka daktari mapema, na kuchuliwa kwa nguvu kunaweza kuuumiza mshipa zaidi.

Maumivu chini ya mbavu za kulia, hasa baada ya kula mafuta?

Fikiria mawe kwenye mfuko wa nyongo. Hatari huongezeka ukipungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki. Utrasaundi huyaonyesha. Homa au macho kuwa ya manjano yakijitokeza, nenda siku hiyohiyo.

Nimefika uzito nilioutaka, sasa nakula vizuri, lakini naendelea kupungua.

Hapo usifurahie. Kupoteza asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili bila kukusudia, yaani kilo 4 kwa mwenye kilo 80, kunahitaji uchunguzi. Sukari, kifua kikuu, VVU, ugonjwa wa tezi ya thairoidi na saratani zote zinaweza kuanza hivyo. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kiu na kukojoa mara kwa mara, au damu kwenye choo visikuchukulie mwezi wa kusubiri. Nenda na vidonge vyako vyote kwenye mfuko, pamoja na zile chai za kupunguza tumbo ambazo watu huona aibu kuzitaja. Nyingine zina dawa za kuharisha, na huenda ndizo zinazokuendesha mpaka leo.