Jike Mwenye Ndevu: Kwa Nini Simpigi Risasi Wakati wa Machipuko

Miaka michache iliyopita, katika wiki ya pili ya msimu wa uwindaji wa machipuko, kijana mmoja mwenye asili ya Kongo niliyekuwa nimemfundisha kanuni za usalama wa bunduki alikuja nyumbani kwangu hapa katika jimbo la Missouri, Marekani, akiwa amebeba bata mzinga mwitu begani. Lilikuwa windo lake la kwanza, na furaha ilikuwa imemjaa usoni. "Mwalimu, nimefanya kama ulivyonielekeza," aliniambia. "Sikufyatua mpaka nilipoziona ndevu." Ndevu zilikuwepo kweli: kishada cha nyuzi nyeusi, ngumu kama singa za mkia wa farasi, kilichotokeza katikati ya kifua na ambacho urefu wake haukuzidi kiganja changu. Hata hivyo, kichwa kilikuwa cha kijivu kinachoelekea buluu, shingo ilikuwa na vijinyoya vilivyopanda hadi karibu na utosi, miguu haikuwa na vipi, yaani ile miiba inayoota nyuma ya miguu ya jogoo, na manyoya ya kifua yalikuwa na ncha za rangi ya chai ya maziwa. Alikuwa jike.

Hakuwa amevunja sheria yoyote. Kanuni za Missouri kwa msimu wa machipuko humruhusu mwindaji kuua dume, au bata mzinga yeyote mwenye ndevu zinazoonekana. Nilimweleza hivyo kwanza ili asiingiwe na hofu, kisha tukampasua ndege pamoja, kwa sababu nilitaka aone kwa macho yake jambo ambalo maneno yangu yasingeweza kumfikishia. Mwishoni mwa mrija wa mayai palikuwa na yai zima lenye ganda gumu, la rangi ya maziwa mazito, lenye madoadoa ya hudhurungi. Madoadoa hayo hupakwa mwishoni kabisa, ganda likiwa limekwisha kukamilika, kwa hiyo yai lile lilikuwa limebakiza muda mfupi tu kabla ya kutagwa. Nyuma yake, kwenye ovari, palikuwa na viini vya manjano vilivyopangana kwa ukubwa, cha kwanza kikitoshana na ndimu ndogo, cha pili kikiwa kidogo kuliko hicho, kikifuatiwa na kingine, hadi vile vya mwisho vilivyokuwa kama punje za mtama. Kila kiini kingekuwa yai la siku yake. Kijana alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi tangu wakati huo: ikiwa sheria inaruhusu, je, ni sawa kumpiga?

Jibu langu ni kwamba mwindaji anayemtambua kuwa ni jike amwache apite. Ninalisema hili nikiwa mtaalamu wa ndege wa porini na nikiwa pia mwindaji, na ninaona linahitaji maelezo, kwa sababu watu wengi hunijibu kwa hoja ambazo baadhi yake zina uzito na nyingine hazina.

Kwanza tuelewane kuhusu ndevu zenyewe. Katika Kiswahili chetu, ndevu ni alama ya mwanamume, hivyo msikilizaji akiambiwa "jike mwenye ndevu" huona ni kama mkanganyo wa maneno. Ndevu za bata mzinga hazihusiani na nywele wala na kidevu. Ni manyoya yaliyobadilika umbo, yanayoota kutoka kwenye kinundu kidogo cha ngozi kifuani na kuendelea kurefuka mwaka hadi mwaka bila kupukutika kama manyoya mengine. Karibu madume wote huwa nazo, na za dume aliyekomaa hufikia sentimita 23 au 25. Miongoni mwa majike, idadi ya wenye ndevu hutofautiana kutoka eneo hadi eneo, lakini jike mmoja kati ya kumi ni makadirio yanayokubalika kwa sehemu nyingi. Za kwao kwa kawaida ni nyembamba na fupi.

Kutokana na hapo umezuka uvumi kwamba jike mwenye ndevu ni dumejike, au ni mzee, au ni tasa, na kwa hiyo kumwondoa porini hakuna hasara. Uvumi huu ndio unaonisumbua zaidi, kwa sababu unamfanya mtu mwenye nia njema aue ndege ambaye vinginevyo angemwacha. Majike wenye ndevu hupandwa, hutaga, huatamia na kulea vifaranga kama wenzao. Isitoshe, mwili wa ndege mwenyewe unakanusha uvumi huo. Katika jamii hii ya ndege, ambayo kuku, kwale na kanga pia wamo, rangi iliyofifia ya jike hutengenezwa na homoni ya estrojeni inayotoka kwenye ovari, na ovari ikiondolewa au ikiharibika, jike huanza kuota manyoya yenye sura ya dume. Kwa hiyo, jike ambaye kifua chake kina zile ncha za rangi ya chai ya maziwa anatuonyesha kwamba ovari yake inafanya kazi, hata kama ana ndevu zinazofika magotini.

Sasa tuje kwenye majira, ambapo ndipo ulipo uzito wa suala lenyewe. Bata mzinga dume hupanda majike wengi na hana sehemu yoyote katika kuatamia wala kulea. Jike, kwa upande wake, akishapandwa huweza kuhifadhi mbegu ndani ya mwili wake katika vijifuko vidogo kwa zaidi ya wiki nne, na kuendelea kutaga mayai yenye uhai hata kama dume aliyempanda amekwisha kuuawa. Hali hizi mbili ndizo zinazouwezesha uwindaji wa machipuko kuwepo. Msimu hupangwa ufunguliwe pale ambapo majike wengi wamekwisha kupandwa, na hapa Missouri huanza Jumatatu ya tatu ya mwezi Aprili na kuendelea kwa wiki tatu, ili dume anayeondolewa awe amekwisha kutoa mchango wake. Tunavuna ziada ya madume bila kugusa kizazi kijacho.

Jike hana ziada ya namna hiyo katika mwezi wa Aprili na Mei. Hutaga takribani yai moja kwa siku mpaka atimize kumi au kumi na mawili, kisha huatamia kwa siku 28 hivi, akiwa ameketi chini kabisa kwenye majani makavu, mara nyingi kando ya kichaka au gogo lililoanguka. Akipigwa risasi akiwa ametoka kutafuta chakula, mayai hupoa na hakuna wa kurudi kuyaatamia. Akipigwa baada ya kuangua, vifaranga wake huachwa bila mama wa kuwafunika usiku, na katika wiki mbili za mwanzo wanalala ardhini kwa sababu bado hawawezi kuruka hadi mtini. Hata kiota chake cha kwanza kikiliwa na rakuni au nyoka, jambo ambalo hutokea mara nyingi, jike aliye hai huweza kujaribu tena na kutaga mayai mengine msimu uleule, na nafasi hiyo ya pili nayo hupotea pamoja naye.

Wapo wanaonikumbusha, na wana haki ya kunikumbusha, kwamba majike wenye ndevu ni sehemu ndogo mno ya mavuno ya machipuko, kwa kawaida karibu asilimia moja, na kwamba idadi kama hiyo haiwezi kupunguza bata mzinga wa jimbo zima. Hesabu hiyo ni sahihi, na kamwe sitamtisha mtu kwa kumwambia kwamba risasi yake moja itawamaliza ndege hawa. Pia ni kweli kwamba viota vingi hushindwa, kwamba vifaranga wengi hufa kabla ya kutimiza mwezi, na kwamba jike niliyempasua siku ile huenda asingefanikiwa kulea hata mtoto mmoja. Lakini hakuna mtu anayewinda katika jimbo zima. Tunawinda kwenye shamba la rafiki, kwenye kipande cha msitu wa mialoni kilichozungukwa na mashamba ya soya, ambako kila mwaka tunawaona majike wale wale sita au wanane wakivuka uwanda asubuhi. Mahali kama hapo, jike mmoja ni sehemu kubwa ya watagaji wote waliopo, na kwa kuwa viota vingi hushindwa, vile vichache vitakavyofaulu ndivyo vinavyobeba mwaka mzima.

Ninaliangalia jambo hili pia kwa kukumbuka yaliyopita. Ndege huyu alikuwa karibu kutoweka nchini Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 kutokana na kukatwa kwa misitu na uwindaji usio na mipaka. Alirudishwa kwa kazi ya miongo mingi: sheria ya shirikisho ya mwaka 1937 iliyoelekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye uhifadhi, kisha kazi ya kuwanasa ndege wa porini kwa nyavu zinazorushwa kwa baruti na kuwahamishia katika misitu iliyobaki mitupu. Missouri ilifungua msimu wake wa kwanza wa machipuko wa zama hizi mwaka 1960, na mwaka 2004 mavuno ya msimu huo yalifika takribani 60,000. Hayajarudi kwenye kiwango hicho. Katika majimbo mengi ya kusini na ya kati, wataalamu wenzangu wameona idadi ya vifaranga kwa kila jike ikishuka, na sababu zinazochunguzwa ni nyingi, kuanzia kupungua kwa mazingira mazuri ya kulelea vifaranga, wanyama wanaokula mayai, hadi mvua na baridi vinavyoangukia wiki mbaya. Kati ya yote hayo, mwindaji hana uwezo wa kuzuia mvua, lakini kidole kilicho kwenye kifyatulio ni chake.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi sheria isikataze moja kwa moja. Yapo majimbo yaliyofanya hivyo. Alabama huruhusu madume pekee, na Mississippi haimruhusu mwindaji mtu mzima kuua jike, wala hata dume mchanga ambaye ndevu zake hazijafika inchi sita. Pennsylvania na Missouri zinatumia ndevu kama kipimo. Mimi nilidhani zamani kwamba njia ya Alabama ndiyo bora, lakini miaka ya kufundisha wawindaji wapya imenifanya nifikiri upya. Sharti la kuona ndevu humlazimisha mtu kukitazama kifua cha ndege kabla ya kufyatua, na kwa kuwa katika msimu huu wawindaji hukaa msituni wakiwa wamevaa nguo za kujificha huku wakiigiza mlio wa jike, kutambua kikamilifu kile unachokilenga ni suala la uhai wa binadamu. Pia, mwindaji mwaminifu aliyekosea katika mwanga hafifu wa alfajiri hana sababu ya kumficha ndege vichakani kwa kuogopa faini. Anaweza kumbeba, kutoa taarifa ya kweli na kumla. Nionavyo, ruhusa ile iliwekwa kwa ajili ya kosa la namna hiyo, na mwindaji anayeitumia kama shabaha ameigeuza kazi yake.

Kumtambua hakuhitaji macho ya ajabu, ila kunahitaji mazoea ambayo sisi tuliokulia Afrika Mashariki au Kongo hatuna. Ndege wa kuwindwa tuliyemzoea ni kanga, na kwa kanga jike na dume wanafanana kiasi kwamba kuwatofautisha kwa mbali ni karibu haiwezekani. Kwa bata mzinga, acha ndevu ziwe kitu cha mwisho kutazama. Anza na kichwa: cha dume huwa kipara chenye nyekundu, nyeupe na buluu zinazobadilika kadiri anavyopandwa na hamaki, ilhali cha jike ni chembamba, cha kijivu na chenye vijinyoya. Tazama kifua: manyoya ya dume yamekatwa ncha kwa rangi nyeusi, na kwa mbali mwili wake unaonekana mweusi unaong'aa, wakati jike huonekana wa kahawia. Dume aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 8 hadi 10, karibu mara mbili ya jike. Ukishaviona hivyo, ndevu zinakuwa uthibitisho tu.

Kijana yule nilimwambia pia jambo moja la kiufundi, na msimu uliofuata lilimfaa. Leseni ya Missouri inampa ndege wawili tu kwa machipuko yote, na jike anayejitokeza mita 30 mbele yako, mwenye ndevu au asiye nazo, ni chambo kilicho bora kuliko kile cha plastiki ulichobeba mgongoni. Usisogee, usigeuze kichwa, mwache adonoe majani. Yeye alikaa hivyo kwa zaidi ya nusu saa, mgongo ukiwa kwenye shina la mwaloni na miguu ikifa ganzi, akimtazama jike akizunguka uwandani, mpaka aliposikia upande wa nyuma yake mabawa yakikwaruza ardhi na dume akaingia uwandani akiwa amekunjua mkia wote.