Akishajifungua, dawati lake bado ni lake

Saa nne asubuhi kengele ya mapumziko inalia. Wenzake wa kidato cha pili wanakimbilia mihogo ya kukaanga, yeye anabaki dawati la nyuma, daftari kalikumbatia kifuani. Matiti yamejaa maziwa na shati la sare limeanza kulowa. Mtoto wa miezi mitano yuko kwa bibi yake, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Akienda kumnyonyesha, vipindi viwili vimempita. Asipokwenda, atavumilia hivyo hivyo mpaka saa tisa.

Naanza na binti huyu kwa sababu tukizungumzia usawa wa kijinsia katika elimu ya Tanzania, wengi wetu tunahesabu pale getini, siku ya kuandikishwa darasa la kwanza. Getini kazi kubwa imefanyika. Tangu Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka elimu ya msingi kwa kila mtoto, na hasa tangu Januari 2016 ada ilipofutwa hadi kidato cha nne, wasichana wamejaa madarasani. Katika shule za msingi idadi yao imelingana na ya wavulana. Ada ya kidato cha tano na sita nayo ikaondolewa mwaka 2022. Mimi naomba tuhesabu wanaopotea njiani, na wanaojaribu kurudi.

Kwa miaka mingi Tanzania Bara, kupata mimba kulimaanisha kufukuzwa. Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi zilitaja makosa dhidi ya maadili na kuingia katika ndoa, na wakuu wa shule wakaisoma mimba humo humo. Likaja zoezi la kupima mimba, mabinti wamepanga foleni kama watuhumiwa. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba katika utawala wake mwanafunzi aliyejifungua hatarudi shule ya serikali. Wakati huo Kenya ilikuwa na sera ya kuwarudisha tangu mwaka 1994, na wenzetu wa Zanzibar tangu 2010.

Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba zuio hilo limekwisha. Ukatoka Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, unaoruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wenye mimba wakiwamo, kurejea katika mfumo rasmi. Muda uliowekwa ni miaka miwili tangu kuacha shule. Muda huo ni mfupi kuliko unavyosikika. Toa miezi ya ujauzito, toa miezi sita ya mtoto kunyonya maziwa ya mama peke yake, toa na miezi ambayo baba amekataa hata kumtazama bintiye usoni. Kinachobaki ni kidogo, na mara nyingi hakuna aliyemwambia kwamba siku zinahesabiwa.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye takwimu. Fungua daftari la mahudhurio la shule yoyote ya kata, utakuta jina la binti lina alama za kutokuwepo wiki baada ya wiki, mwisho limeandikwa "mtoro". Mara nyingi mtoro huyo alikuwa mjamzito. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Nia ya sheria ni njema na siipingi. Lakini mhusika anapokuwa jirani, au binamu, au mtu anayeikopesha familia mahindi wakati wa njaa, wazee hukaa usiku, mambo yakamalizwa kifamilia, na binti akapelekwa kwa shangazi mkoa mwingine kabla shule haijashtuka. Anakosa haki yake mahakamani, na shuleni anabaki na jina la utoro. Mzazi, hata hilo lisikukatishe tamaa. Waraka haukuandikwa kwa ajili ya wenye mimba peke yao; hata aliyeandikwa mtoro unamhusu.

Asiyeweza kukaa tena darasani na wadogo zake anayo njia mbadala, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Ni njia halali na imewafikisha wengi kwenye mtihani wa kidato cha nne. Ila isitumike kumsukuma nje binti anayetaka kurudi kwenye dawati lake. Kuchagua ni kwake.

Sasa turudi kwa yule aliyelowa shati. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mwanawe. Mkuu wa shule anaweza kumfikiria mwanafunzi kwa moyo huo huo: ruhusa ya kutoka, au bibi alete mtoto wakati wa mapumziko, na chumba kimoja chenye mlango unaofungwa. Pale ambapo nyumbani ni mbali mno, muuguzi wa kliniki atamfundisha kukamua maziwa kwa mkono na kuyatunza kwenye kikombe safi chenye kifuniko. Mwalimu wa malezi azungumze na darasa kabla binti hajaingia siku ya kwanza, maana neno "mama" likitamkwa kwa kebehi na wavulana watatu linatosha kumrudisha nyumbani moja kwa moja.

Mzazi anayekwenda kuomba nafasi aende na binti mwenyewe, pamoja na cheti cha darasa la saba au fomu yoyote ya shule iliyobaki ndani, na autaje waraka kwa namba na mwaka wake. Akijibiwa kwamba nafasi hakuna, aombe jibu hilo kwa maandishi, kisha alipeleke kwa Afisa Elimu Kata. Kukikwama hapo, aende halmashauri, ofisi ya Afisa Elimu Sekondari. Asisubiri Januari. Hata katikati ya muhula aende.