Saratani ya koo si moja, ndiyo maana majibu ya kinyama huchukua muda

Miezi ya karibuni malalamiko kuhusu majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo kinachokatwa kwenye uvimbe ili kipimwe, yamezidi dirishani kwetu hapa maabara, Dodoma. Ndugu wa mgonjwa katoka Mpwapwa au Kondoa, kalipa nauli mara ya pili, na anaambiwa asubiri tena. Uchungu wake tunaujua. Lakini wengi wanadhani tunatafuta jibu moja tu, kama ni saratani au siyo, na kwamba tukishalipata tunalikalia.

Saratani nyingi za mdomo, koo na kisanduku cha sauti zinafanana chini ya hadubini. Zinafanana sura, siyo tabia. Ile ya ulimi kwa mzee aliyevuta tumbaku miaka mingi mara nyingi ina jeni ya TP53 iliyoharibika, jeni ambayo kazi yake ni kuzuia seli mbovu zisizaliane. Ile ya mafindofindo au shina la ulimi inaweza kuwa imeletwa na kirusi cha papiloma, hasa aina ya 16, na hiyo huitikia mionzi vizuri zaidi. Ya nyuma ya pua mara nyingi hubeba kirusi cha Epstein-Barr.

Kwa hiyo kwa uvimbe wa mafindofindo au shina la ulimi, baada ya kuona saratani tunakata vipande vingine vyembamba na kuvipaka rangi ya kutambua p16, protini ambayo ikizidi ni dalili ya kirusi cha papiloma. Angalau asilimia 70 ya seli zikigeuka kahawia iliyokolea, ndipo tunaandika chanya. Ugonjwa ukiwa umerudi au umesambaa, kipimo cha PD-L1, protini nyingine ya uvimbe, humsaidia daktari kujua kama dawa ya kuamsha kinga ya mwili, mfano pembrolizumabu, inafaa. Dawa hiyo ni ghali sana, na kumpa mtu bila kipimo ni kumfilisi kwa kubahatisha.

P16 chanya si ruhusa ya kudai dawa nyepesi. Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa 2018 yaliweka setuksimabu, iliyodhaniwa kuwa nyepesi, mahali pa sisplatini, dawa ya kawaida inayotolewa pamoja na mionzi, kwa wagonjwa wa aina hii, na waliopewa setuksimabu walikufa wengi zaidi. Wala chanya si ushahidi wa uzinzi. Kirusi hiki, ingawa huambukizwa kwa kujamiiana, huwapata watu wengi mno na huweza kukaa mwilini miaka mingi kimya. Tafadhali msivunje ndoa kwa karatasi ya maabara.

Kuna pia wanaosikia neno vinasaba wakakimbilia kuuliza mtoto ni wa nani. Hiyo ni kazi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya vinasaba ya mwaka 2009. Sisi tunasoma mabadiliko yaliyotokea ndani ya uvimbe.

Sasa utaratibu. Kinyama kiingie kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, ya asilimia 10 ndani ya saa moja, formalini iwe mara kumi ya ujazo wa kinyama, kikae humo kati ya saa 6 na 72. Chupa iandikwe jina kamili na namba ya faili, ubavuni, siyo kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Fomu isipolingana na chupa, sampuli inarudishwa. Hatuna mjadala hapo.

Kuna chupa iliyotufikia kwa basi kutoka kituo kimoja cha wilayani. Ilikuwa ya dawa ya kikohozi, imejazwa maji ya chumvi, na ndani yake kipande cha shina la ulimi kimelainika kama ugali uliolala ndani ya maji. P16 haikusomeka. Mama yule alikatwa upya.

Kukatwa kinyama hakusambazi saratani ya mdomo au koo. Kinachoipa nafasi ni kuchelewa, na hapa kwetu wengi huchelewa kwa kwenda kwanza kukatwa kimeo. Kidonda cha mdomoni, sauti iliyokwaruza au uvimbe wa shingo ukipita wiki tatu, njoo hospitali, hasa kama unavuta, unabwia ugoro au unakunywa.

Ukipewa rufaa kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, usiondoke na karatasi ya majibu peke yake. Omba na kile kibonge cha nta chenye kinyama chako. Leta barua ya rufaa na kitambulisho, saini daftari, kifunge mbali na jua, na kikishatumika kirudi kwetu, maana ugonjwa ukirudi tutakihitaji tena.