Mabano si mwiko katika maandishi rasmi

Wapo wanaoamini kwamba mabano ni ya barua za kirafiki tu, na kwamba yakionekana kwenye ripoti yanaishusha hadhi. Si kweli. Sheria zenyewe huyatumia: kifungu cha 5(2)(a). Jina la taasisi nalo huandikwa kwa kirefu mara ya kwanza, Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), kisha kifupisho hutosha.

Kinachoharibu ni kuyatumia vibaya. Kipimo ni hiki: ondoa mabano na kilichomo. Sentensi inayobaki lazima isimame. Ndiyo maana tunaandika "Mwalimu mkuu (pamoja na wasaidizi wake) amefika", si "wamefika". Hapa huteleza hata waandishi wazoefu, kwa sababu wingi ulio ndani ya mabano huwavuta. Mkato haukai kabla ya bano la kufungua. Hufuata la kufunga. Nukta hukaa nje ikiwa maneno ya ndani ni sehemu ya sentensi. (Sentensi inayojitegemea, kama hii, huwa na nukta yake ndani.)

Kwenye ujumbe wa simu, (?) ya shaka haimkeri rafiki. Katika barua ya kikazi usiitumie, na jambo la lazima, kama tarehe ya mwisho ya malipo, liandike nje ya mabano.