Tochi ya akiba kwa wapanda milima: yanayosemwa na ukweli wake

"Tutakuwa tumesharudi kabla ya giza." Hili ndilo linalowaponza wengi. Anayelala porini bila kupanga hakuondoka nyumbani akiwa mzembe: mwenzake ameteguka kifundo cha mguu, au njia imepotea saa kumi jioni. Karibu na ikweta, jua likishazama unabaki na takriban nusu saa tu ya kuona vizuri, na chini ya miti mirefu haifiki hata hiyo.

"Si nina simu?" Unayo, ila simu hiyohiyo ndiyo ramani yako na ndiyo ya kuombea msaada. Pasipo na mtandao inamaliza chaji ikiutafuta, na baridi kali huweza kuizima hata ikiwa na chaji. Tena inashikwa mkononi, huku mteremko unadai mikono yote miwili.

"Nimebeba betri za ziada, inatosha." Hapa hata wazoefu hukosea. Betri mpya hazifufui swichi iliyokufa, wala hazirudishi tochi iliyodondokea korongoni. Na utazibadilishaje gizani? Jaribu nyumbani: zima taa, vaa glavu, kisha tafuta upande wa chanya kwa kupapasa. Akiba ya kweli ni tochi ya pili, nzima, hata iwe ndogo ya lumeni 50 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga). Mimi hupendelea ile inayotumia betri za aina moja na tochi kuu, ili moja ikikorofisha niweze kuazima za nyingine.

"Boksi limeandika saa 100." Kwa tochi zilizopimwa kwa kiwango cha ANSI FL1, saa hizo huhesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Yaani tochi ya lumeni 300 bado "inawaka" ikiwa imebaki na 30. Halafu mara nyingi idadi kubwa ya saa ni ya mwanga wa chini kabisa, si ule uliokuvutia dukani.

"Betri ni betri." Zile za kawaida za alkalini huchoka haraka kwenye baridi. Za lithiamu za kutupwa, yaani zisizochajiwa upya, hustahimili zaidi na ni nyepesi, mradi maelezo ya tochi yaziruhusu.

"Mwanga mkali ndio bora." Kwenye ukungu unakurudia usoni. Punguza, na kama ni tochi ya kuvaa kichwani, ivue uishike usawa wa kiuno.

Kuna pia tochi inayojiwasha yenyewe ndani ya begi. Ifunge swichi kama ina kufuli, la sivyo chomoa betri.

Na "tochi ni ya kuonea njia tu"? Hapana, ni sauti pia. Ishara ya dharura milimani ni mimuliko 6 ndani ya dakika moja, unatulia dakika moja, unarudia. Anayekujibu humulika mara 3 kwa dakika. Ukiziona, usihame ulipo.